Nyie mnaofundisha kukompaili keneli ya Linux, kwa nini hamtaji zana zote?

Wakuu, nipo Mwanjelwa, Mbeya, na leo sina hata hamu ya salamu ndefu. Kukompaili keneli ni kuijenga roho ya mfumo wa Linux kutoka kwenye kodi yake, na kuna hawa walimu wa video wanaosema "weka build-essential, andika make, umemaliza". Umemaliza nini? Ile pakeji (furushi la programu) inakupa gcc ya kukompaili, make ya kuendesha ujenzi na vikorokoro vichache vya lugha ya C. Keneli ina madai yake mengine, na haiyataji yote kwa mpigo. Inadai moja moja, kama konda anayeongeza nauli kila kituo.

Unaanza na make menuconfig (menyu ya kuchagua vitu vya keneli), inakujibu "flex: not found". Weka flex, inadai bison. Hizi mbili, zana za kuundia vichambuzi vya maandishi, zinatakiwa tangu toleo 4.16 la mwaka 2018! bc, kikokotoo cha kwenye terminal, nayo inatakiwa tangu 3.10, mwaka 2013, na bado mtu anarekodi video leo bila kuitaja. Huko ni kukopi maelezo ya babu.

Halafu inakuja "openssl/bio.h: No such file or directory". Openssl (programu ya usimbaji fiche) kwenye mashine ipo, ukiiita inaitika, kwa hiyo unabaki unajiuliza inakosekana nini. Kinachotakiwa ni faili za kuundia programu, na hizo zimo kwenye libssl-dev. Hadithi ni ileile kwa libelf-dev, ya maktaba ya kusoma faili za programu zilizokwisha kukompailiwa.

Iliyonitoa machozi ni pahole, zana inayosoma taarifa za debug. Nilikuwa na keneli 5.15, nimechukua konfigi (faili la machaguo ya keneli) ya Ubuntu kutoka /boot, yaani maelfu ya moduli kwenye laptopu ya RAM GB 4. Mashine imechemka usiku kucha (kwa baridi la huku angalau tuliota moto), ikafika kuunganisha vmlinux (faili la keneli yenyewe), ndipo ikasema "pahole (pahole) is not available". Usiku wote huo ilikuwa wapi? Na nilipotafuta kwenye apt, pakeji ilikuwa inaitwa dwarves! Nani angebahatisha? Bando lenyewe ni la kuungaunga.

Nikaomba msaada kwenye grupu moja la WhatsApp. Jibu: "piga make clean uanze upya". Jamani! Zana ikikosekana, unaiweka, unaandika make tena, kazi inaendelea pale ilipokwama. Make clean inafuta karibu kila kilichokwisha kujengwa. Anayekupa ushauri huo hajawahi kulipia umeme wake.

Ukiona "Error 127" maana yake ni amri haikupatikana, basi. Kama ulitumia -j8 (kazi nane kwa mpigo), ujumbe wenyewe umezama juu huko kati ya mistari mingine. Rudia make bila -j, itasimama palepale penye tatizo.

Orodha rasmi ya zana na matoleo yake imo ndani ya kodi yenyewe: Documentation/process/changes.rst. Walimu, kuifungua ni dakika ngapi?

Kwa Ubuntu na Debian, huu hapa mstari mliotunyima:

sudo apt install build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev libncurses-dev dwarves cpio

Wenye video, uwekeni kwenye maelezo yenu leo. Na mdau yeyote wa Iringa au Njombe anayetumia Fedora aweke mstari wake hapa chini, maana huko baadhi ya pakeji zina majina mengine.