Tupeane uzoefu: siku C ilipojaa, ulifuta nini?

Kibatari
Wakuu, habari za asubuhi. Mimi sijalala. Jana saa tano usiku nilikuwa namalizia mahesabu ya mwezi, ile nabonyeza kuseivu tu Excel ikanigomea: nafasi hakuna. Kufungua This PC, ule mstari wa C, diski inayobeba Windows, umeiva mwekundu, zimebaki MB 312. Diski yenyewe ni SSD, zile zisizozunguka, ya GB 128, D haipo, kila kitu kinalala humo humo.

Nikaanza kufuta. Muvi zote, picha za sendofu ya shemeji, programu ya kujifunza kuchapa niliyoiweka mwaka 2021 nikaitumia siku mbili. Saa tisa usiku nina GB 4, nikapanda kitandani. Kuamka saa kumi na mbili, imebaki GB 1 na kidogo. Hakuna mtu aliyeigusa. Kuna kitu kinakula nikiwa nimelala.

Tupeane uzoefu. Ilipojaa ya kwako ulifuta nini, na ulijutia nini?

MamaTunu
Pole kaka, umegusa kidonda. Nina stesheni ya kuchapa na kuskani Mbagala, mashine mbili. Kila anayekuja kuchapa anaacha faili kwenye desktopu. "Dada, niachie hapo hapo nitarudi." CV, ripoti za fildi, kadi za mwaliko, orodha za michango ya msiba. Majina yenyewe ndiyo hayo: "CV mpya", "CV mpya kabisa", "CV ya mwisho", "Juma usifute".

Mwaka 2019 mashine moja ilikuwa inatumia dakika nzima kufungua Word. Nikaamua. Nikafuta kila kilichopita miezi sita, Juma nikamwacha kwa kuwa aliomba. Siku ya tatu akaja kijana, kaitwa usaili Dodoma, basi lake alfajiri ya kesho. Anataka CV yake na vyeti alivyoskani kwangu. Vyeti halisi viko kwa mama yake Kilwa. Tulikaa mpaka saa nne usiku tunaandika upya, huko Kilwa mama anapiga picha vyeti kwa simu ya jirani, picha moja kivuli cha kichwa chake kimekaa juu ya alama. Nikavisafisha nikavichapa, sikumtoza hata senti. Mpaka leo mkono unatetemeka nikigusa Delete.

Sengerema_1
Kweli kabisa dada. Stesheni ndiyo kabati la vyeti la mtaa mzima.

FundiMchikichini
Mama Tunu, pole, lakini kwa nia njema nakuambia: ulifuta visivyo na kosa. CV moja ya Word ni kama KB 40. GB moja inaingia CV zaidi ya elfu ishirini. Ungefuta za Mbagala nzima usingepata nafasi ya muvi moja. Uzito ulikuwa kwingine.

Kibatari, usifute kwa kukisia. Weka WizTree au TreeSize Free, iache isome diski, itakupangia folda kutoka kubwa kwenda ndogo. Usipoona kinachokula utabaki kufuta picha za shemeji zako. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika cleanmgr, chagua C, halafu bonyeza Clean up system files. Hapo ndipo penye mali: masalia ya Update, na Windows.old, yaani Windows yako ya zamani, kama ulipandisha toleo karibuni. Hiyo Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10, ila ukijua huhitaji kurudi nyuma, ondoa sasa. Tena Windows na R, %temp%, hizo ni faili za muda, futa vyote, vinavyokataa viache vina kazi.

Na kama huwa hutumii Hibernate, ile ya kuzima mashine huku kazi zako zinabaki wazi, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off. Faili la hiberfil.sys linaondoka. Kwa RAM ya GB 8 ni GB 3 na ushee kwa mpigo. Ujue tu kwamba na Fast Startup, ile ya kuwaka haraka, inakwenda nayo.

Kilichokula usiku? Naweka mkono kwenye Windows Update. Ilikuwa inasubiri nafasi, ulipoifungulia mlango ikaingia.

Magogoni_Boy
Mbona mnazunguka. Ingia C, Windows, futa folda ya WinSxS. Mimi nilipata GB 9 mwaka 2016, mashine inadunda mpaka leo.

FundiMchikichini
Jamani, mtu yeyote asifuate hilo. WinSxS ndimo Windows inamotoa vipuri vyake. Na ule ukubwa unaouona unadanganya, faili moja lina milango miwili, linahesabiwa kote kote. Ukitaka kuipunguza kihalali, Command Prompt kama msimamizi: DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup. Basi. Nimepokea mashine zisizowaka kwa ushauri wa namna hii.

Magogoni_Boy
Kwa hiyo mimi mwongo?

FundiMchikichini
Sijasema mwongo. Nasema Windows haikuachii kuifuta mpaka uibadilishie umiliki kwa makusudi. Kama hukufanya hivyo, ulichofuta ni kingine.

Magogoni_Boy
Nilikuwepo mimi au ulikuwepo wewe?

Sengerema_1
Wakuu, Kibatari ana kazi ya watu hapo. Mtamalizana pembeni.

Rock_City_Video
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Mama Tunu kanikumbusha.

Mimi ni mtu wa video za harusi, Mwanza. Juni ya mwaka mmoja kazi zilifuatana Jumamosi nne mfululizo. Laptopu yangu ilikuwa na diski ya kuzunguka ya tera 1, imejaa mpaka shingoni. Usiku mmoja narenda, yaani natoa video iliyokamilika, ya sendofu, mteja anaitaka asubuhi, ikafika asilimia 87 ikasimama. Diski imejaa. Saa nane usiku.

Nikatazama folda. Kulikuwa na harusi ya wiki mbili nyuma, GB 160 na zaidi. Kichwani mwangu hiyo nimeshaihamishia kwenye eksternali, diski ya kuchomeka nje, nakumbuka kabisa niliianzisha kunakili nikaenda kulala. Nikaichagua, Delete, ikasema ni kubwa mno kwa Recycle Bin. Nikabonyeza Shift na Delete, ile inayofuta moja kwa moja bila kupitia pipa la taka. Ule mstari mwekundu ukawa wa bluu, na nakiri nilifurahi. Nikarenda, nikamkabidhi mtu mzigo wake.

Siku ya nne bibi harusi akanipigia. Baba yake kafariki Bukoba, usingizini. Analia, ananiomba kitu kimoja: yale maneno mzee aliyosema ukumbini alipokuwa anamkabidhi kwa wakwe. "Kaka, hata kama hujaedit, nipe hivyo hivyo."

Nikachomeka eksternali. Folda ipo. Nikafungua, nikashuka, nikashuka. Faili zinaishia keki. Eksternali ilijaa katikati ya kunakili usiku ule, ikasimama, na mimi asubuhi nilichomoa bila kusoma kile kidirisha. Kuanzia keki mpaka mwisho hakuna kitu. Kadi za kamera nilishazifomati kwa ajili ya harusi iliyofuata.

Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba wa kwetu.

Nikampigia fundi mmoja, cha kwanza alichosema ni "zima sasa hivi, usifungue hata intaneti". Akaichomoa diski, akaifunga kwenye mashine nyingine, akanakili diski nzima kama ilivyo kwenye diski tupu, akatafutia kwenye hiyo nakala. Siku mbili. Zilirudi faili nyingi bila majina, namba tupu, na nyingi hazichezi. Akanieleza: diski ikijaa, faili kubwa haikai mahali pamoja, inakatwa vipande inasambazwa kwenye vijinafasi. Jina likishafutwa, kuviunganisha vipande ni bahati. Na nilikuwa nimeshaandika sendofu nzima juu yake.

Kamera ya karibu ilirudi sekunde 19 tu. Mzee anapokea maiki, anaipuliza, anatazama upande wa mama. Inakatika. Kamera ya nyuma, ile niliyoiegesha kwenye tripodi mlangoni nikaisahau, ilirudi nzima ile sehemu. Dakika 6 na sekunde 40. Mzee mdogo kabisa kule mbele, vichwa vya watu vinapita, mhudumu na treya ya soda anasimama katikati kama nusu dakika. Lakini sauti ni safi, ilitoka kwenye spika za ukumbi.

Nilimpelekea mwenyewe kwenye flashi mbili. Nikamweleza ukweli wote, nilichofuta na kwa nini. Fedha iliyobaki sikuidai, ile ya mwanzo nikairudisha.

Sengerema_1
Aisee. Huyo mhudumu wa soda.

MamaTunu
Machozi yamenitoka dukani, mteja ananiuliza nina nini. Kaka, dada wa watu alisema nini?

Rock_City_Video
Alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "sauti ipo yote?" Nikamwambia ipo yote. Akasema basi. Waliiweka siku ya kuanua tanga, ndugu wote wamekaa uani wanasikiliza. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa.

Kilindini_254
Pole sana ndugu yangu. Huku Mombasa mie nilipoteza picha za nikaha ya dadangu kwa njia nyingine. C ilijaa, nikanunua flashi ya tera 2 kwa mchuuzi, bei ya kutupa. Nikahamisha kila kitu, nikafuta kwenye laptopu. Kumbe ndani ina GB 32 tu, imefunzwa kusema uongo. Yaliyozidi yanajiandika juu ya yaliyotangulia. Majina ya picha yote yapo, ukifungua ni kijivu. Ukinunua kitu kama hicho, kabla ya kukiamini kijaribu kwa programu ya H2testw. Inaandika mpaka inajaa halafu inasoma tena, uongo wote unaonekana.

Dogo_Fizikia
Hata mimi niliibiwa. Eksternali imeandikwa tera 1, Windows inaonyesha GB 931. Nilirudi dukani nikagombana na muuzaji mpaka watu wakajaa.

FundiMchikichini
Dogo, huyo muuzaji mwombe radhi. Kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Tera 1 halali ndiyo hiyo 931, na ya 500 inasoma 465.

Dogo_Fizikia
Basi waandike 931 kwenye boksi. Mnunuzi analipia kilichoandikwa.

Kilindini_254
Hapo nawe una haki.

Binti_Njiro
Ya kwangu ni ya OneDrive. Wakati naandika disetesheni C ilijaa, nikaona folda ya OneDrive ina GB 20, nikasema hii si iko mtandaoni? Nikafuta kwenye laptopu. Baada ya dakika kumi nafungua simu, haipo. Folda ile ni kioo, ukifuta huku, na kule inafutika. Nilipiga yowe chumba cha pili wakaja. Mwenzangu ndiye aliyeniambia niingie OneDrive kwa kivinjari, kuna pipa lake la taka, akaunti ya binafsi linatunza siku 30. Vyote vilikuwemo, sura ya nne na yote. Kumbe njia yake ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua Free up space, jina linabaki, uzito unaondoka.

Magogoni_Boy
Ndiyo maana mimi nasema dawa ni kufomati kila Desemba kama kupaka nyumba rangi. Unaanza mwaka C nyeupe.

Rock_City_Video
Mkuu, nakuomba usimshauri mtu kufomati hapa. Nakuomba kwa heshima.

Magogoni_Boy
Sawa kaka. Nisamehe, sikuwa nimeisoma yako mpaka mwisho. Imeniingia.

Mhandisi_Kimya
Niongeze moja, maana watu watasoma ya Rock City wakapata matumaini yasiyo yao. Yeye aliokolewa na diski ya kuzunguka. Kwenye SSD kuna kitu kinaitwa TRIM: ukifuta, Windows inaiambia diski kwamba sehemu hizo hazina mwenyewe tena, na diski inazisafisha yenyewe, mara nyingi muda si mrefu. Recuva na wenzake, zile programu za kurudisha vilivyofutwa, mara nyingi hazikuti kitu. Kibatari una SSD. Ukifuta, hesabu kimekwenda.

Kibatari
Wakuu nimerudi, asanteni mno. Nimeweka WizTree. Windows.old GB 19. Hiberfil GB 3.1. Telegram Desktop GB 27! Kila video ya makundi ya mpira niliyoitazama imekaa humo tangu niinunue mashine. Nimeondoa hivyo vitatu tu, nina GB 50, Excel inaseivu. Picha za sendofu zilikuwa GB 1 na nusu jumla. Zilikuwemo kwenye laptopu hii peke yake. Mhandisi Kimya, ndiyo basi?

Mhandisi_Kimya
Ulifuta kwa Delete ya kawaida au Shift?

Kibatari
Ya kawaida. Halafu nikamwaga Recycle Bin.

Rock_City_Video
Mkuu, hiyo sendofu ilikuwa wapi na nani alipiga? Sisi watu wa kamera wengi tunabaki na nakala miaka. Siku hizi mimi nina eksternali mbili, moja inalala kwa dada yangu Nyegezi, na kadi siifomati mpaka mteja asaini kwamba amefungua akaona. Mpigie aliyepiga, mpigie leo kabla hajapata kazi ya Jumamosi.

Kibatari
Morogoro, mwezi wa nne. Namba yake anayo shemeji. Napiga.