Naomba ushauri: ajira za tawi jipya la duka la vifaa vya michezo

Ndugu zangu, ninasimamia duka la vifaa vya michezo linalojiandaa kufungua tawi la pili, na mwenye duka amenikabidhi jukumu la kupanga ajira mpya. Kinachonitatiza zaidi ni aina ya watu wa kuwachukua. Decathlon, kampuni ya maduka ya vifaa vya michezo iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1976, inajulikana kwa kupenda kuajiri watu wanaoshiriki michezo wenyewe, na mantiki yake naiona, kwa kuwa mteja anayeuliza tofauti ya viatu vya kukimbilia kwenye lami na vile vya njia za mawe hasaidiki na muuzaji anayemsomea bei tu. Hata hivyo, mchezaji hodari si lazima awe makini katika kuhesabu mali stoo, na kufunga nyuzi za raketi ni kazi ya fundi. Je, ni busara kuwahamishia tawi jipya wafanyakazi wazoefu, huku vijana wapya wakifundishwa kwenye duka la zamani? Na kwa kuwa mauzo hupanda na kushuka kwa misimu, mikataba ya muda itatosha, au itatukimbizia watu wazuri? (Vibarua wa siku siwataki kabisa.) Waliowahi kusimamia upanuzi wa namna hii, naomba mnieleze mlianza kujaza nafasi zipi.