Marekebisho ya Pili: kwa nini "silaha" zikue na "mgambo" wapigwe kando?

Wakuu, naleta hoja.

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoridhiwa 1791, ni sentensi moja. Inaanza na mgambo wenye nidhamu nzuri kwa usalama wa nchi huru, inamalizia na haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha. Mwaka 2008, kwenye kesi ya Heller kuhusu marufuku ya bastola Washington, D.C., Mahakama ya Juu iligawanyika 5 kwa 4. Jaji Antonin Scalia alifungua kamusi za zamani, ikiwemo ya Samuel Johnson ya 1773, akahitimisha kuwa haki ni ya mtu binafsi, awe mgambo au asiwe. Jaji John Paul Stevens akapinga: enzi zile "bear arms" (kubeba silaha) ilikuwa lugha ya jeshini. Baadaye wanaisimu walipekua maandishi ya karne ya 18 kwa kompyuta, wakakuta matumizi ya kijeshi yamejaa tele.

Mimi sina ugomvi na kamusi. Ila Scalia huyohuyo alisema "silaha" ni pamoja na zile ambazo 1791 hazikuwepo. Mgambo, waliotajwa mwanzoni kabisa, wakageuzwa utangulizi usiomfunga mtu. Anayetetea hukumu ile anieleze: nani aliamua neno lipi likue?

— Mkuu, hesabu hiyo ya kompyuta inapotosha. Magazeti yaliandika vita. Mkulima aliyekwenda kuwinda na gobore lake nani angemwandika? Halafu jimbo la Pennsylvania, 1776, walitamka wazi haki ya kubeba silaha kwa kujilinda wao wenyewe na kuilinda dola yao. Na silaha kukua si ajabu: uhuru wa uchapishaji nao leo unalinda tovuti.

— La uchapishaji nakupa. La Pennsylvania umenisaidia mimi: kumbe walijua kuandika "kujilinda wenyewe" walipotaka, na Marekebisho ya Pili hayana maneno hayo. Tena tangu kesi ya Bruen, 2022, sheria ya bunduki lazima ioane na desturi ya kihistoria. Majaji wa mahakama za chini wakahangaika na nyaraka, hadi 2024, kwenye kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ikasisitiza kwa kura 8 kwa 1 kwamba sheria ya leo haihitaji pacha wake wa kale. Mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia mwenza wake anaweza kunyang'anywa bunduki. Sasa kama sheria inaruhusiwa kulegeza historia hivyo, kwa nini kwenye maneno tubanwe na kamusi ya 1773?