Familia ya Babu (Mambo Muhimu Tu)

Jumanne

Mwanaidi 19:02
Habari za jioni wote. Katibu, ile programu ya kompyuta inayomsomea Babu kwa sauti, bado kanyamaza, leo siku ya 9. Hili jambo tulimalize leo leo.

Mwanaidi 19:03
Salma kakaa mbele ya kompyuta sasa hivi, Juma yupo hewani. Hamisi nakuona umesoma.

Shangazi Zuhura 19:11
Katibu kagoma, hajalipwa mshahara 😂😂

Shangazi Zuhura 19:11
Au kaenda likizo bila ruhusa

Mwanaidi 19:12
Shangazi tafadhali.

Salma 19:13
Taa ya spika inawaka. Sauti nimepandisha mpaka mwisho. Kimya. Kule chini karibu na saa kuna kipicha cha spika kina X nyekundu.

Juma 19:15
Salma, chomoa waya wa spika nyuma ya kompyuta, ule wa tundu la kijani. Spika ziache zimewaka. Gusa ncha ya waya kwa kidole uniambie umesikia nini.

Salma 19:18
Imenguruma mmmmmm. Nimeshtuka nimeangusha miwani ya Babu.

Juma 19:19
Basi spika nzima, waya mzima. Rudisha kwenye kijani, usikosee ukaweka pinki, hiyo ya maikrofoni. Ugonjwa uko ndani.

Shangazi Zuhura 19:19
Miwani imevunjika?

Salma 19:20
Haijavunjika Shangazi.

Shangazi Zuhura 19:20
Maana ile ya kwanza nayo ilianza hivi hivi

Mwanaidi 19:20
SHANGAZI.

Juma 19:22
Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Itakuja orodha ndefu. Tafuta penye alama ya mshangao ya njano.

Salma 19:26
Ipo moja. Multimedia Audio Controller.

Juma 19:26
Ndiyo yenyewe. Ibonyeze mara mbili. Imekuandikia Code ngapi?

Salma 19:27
28

Juma 19:28
28 maana yake draiva, ile programu inayoielekeza kompyuta jinsi ya kutumia kifaa, haipo kabisa. Hakuna kilichoungua. Kompyuta inaona kuna mtu mlangoni ila haijui izungumze naye lugha gani.

Shangazi Zuhura 19:28
Kama mimi na wifi yangu 😂😂😂

Mama Mwanaidi 19:29
Nimesoma.

Shangazi Zuhura 19:29
Utani tu wifi jamani

Mwanaidi 19:30
Turudi kwenye mada. Juma endelea.

Juma 19:31
Hapo hapo ulipo, juu kuna Details. Kuna kimshale, shusha uchague Hardware Ids. Nisomee mstari wa kwanza, ukifika DEV na tarakimu zake nne simama.

Salma 19:36
PCI\VEN_8086&DEV_24D5

Juma 19:38
Safi sana. VEN ni mtengenezaji. 8086 ni Intel, walichukua namba ya prosesa yao ya 1978 wakaifanya kitambulisho. 24D5 ni sauti ya AC'97, ule mfumo wa zamani wa sauti, kwenye chipu ya ICH5, mambo ya 2003. Windows 7 ilipotoka 2009 haikubeba draiva za AC'97. Ingekuwa HD Audio, ile iliyoanza 2004, ingeitambua yenyewe bila kusumbua mtu. Kwa hiyo

Mwanaidi 19:38
Juma hatuko darasani.

Juma 19:39
Kwa hiyo ukiweka Windows 7 kwenye mashine ya umri huu bila kuandaa draiva mapema, sauti lazima ipotee. Sisemi nani aliweka.

Mwanaidi 19:39
Mimi nasema. Hamisi.

Mwanaidi 19:40
Na hii si mara ya kwanza. Ile mara ya kwanza tuliambiwa "nasafisha tu", harusi ya Baba Mdogo ikasafishwa yote.

Shangazi Zuhura 19:41
Mwanangu msimwandame. Alikuwa mtoto

Mwanaidi 19:41
Alikuwa na ndevu Shangazi.

Salma 19:43
Jamani nimeshusha programu moja inasema inatafuta draiva yenyewe. Imepata matatizo 47. Inataka nijisajili ndiyo iyatoe.

Juma 19:43
FUNGA HIYO. Usiandike jina, usiandike namba, usibonyeze kitufe chochote kikubwa cha kijani. Iondoe kabisa. Tatizo ni 1, tumeliona kwa macho yetu.

Salma 19:45
Kitufe nilishabonyeza kimoja

Juma 19:45
🤦🏾

Juma 19:51
Haya. Imeshaondoka? Sasa nahitaji jina la bodi mama, maana draiva tunaitafuta kwa jina hilo. Windows na R tena, andika cmd. Kwenye dirisha jeusi andika: wmic baseboard get product

Salma 19:55
To Be Filled By O.E.M.

Juma 19:56
Duh. Aliyeiunganisha kiwandani hakujaza. Kuna kipande pale ilikuwa waandike jina, wakaacha maneno ya "jaza hapa". Jina huwa limechapwa pia juu ya bodi yenyewe, ila sitaki Salma afungue kasha usiku huu.

Salma 19:56
Hata mimi sitaki.

Juma 19:57
Ile CD iliyokuja na kompyuta iko wapi? Kasha la bluu, kwenye droo ya Babu.

Salma 20:01
Kasha la bluu lipo. CD haimo.

Salma 20:02
Shangazi, zile CD za bustanini ulizitoa wapi?

Mwanaidi 20:02
CD gani za bustanini?

Mwanaidi 20:15
Shangazi Zuhura nakuona upo mtandaoni.

Shangazi Zuhura 20:21
Zile za kutishia ndege? Zilikuwa takataka tu kwenye droo, hazina hata picha. Na ndege wamekoma, hawaji tena

Juma 20:22
Ametundika draiva 😭

Salma 20:24
Naenda na tochi.

Salma 20:41
[Picha]

Salma 20:42
Nimezikuta 6. Kamba zimekaza nimekata kwa meno. Moja ina maandishi ya bodi lakini jua limekula upande mmoja, naona herufi za mwisho tu. Nyingine nne hazina kitu.

Juma 20:43
Piga ya karibu, mwanga utoke ubavuni, usimulike moja kwa moja. Draiva zake ni za XP, ile Windows ya zamani, hazitatusaidia sana, mimi nataka jina tu.

Salma 20:47
[Picha]

Mwanaidi 20:48
Umesema 6. Moja ya bodi, nne tupu. Ya sita?

Salma 20:50
Ya sita imeandikwa kwa kalamu, mwandiko wa Babu. Harusi ya Athumani, 1 ya 1.

Hamisi 20:50
Kumbe.

Hamisi 20:51
Kwa hiyo harusi sikuifuta mimi.

Hamisi 20:51
Miaka yote hiyo.

Shangazi Zuhura 20:53
Si nilisema mtoto msimwandame

Hamisi 20:53
Mama wewe ndiye uliyeitundika

Mwanaidi 20:55
Haya hilo tutalizungumza siku nyingine. Hamisi kwa kuwa umejitokeza, hebu eleza XP ilikukosea nini.

Hamisi 21:00
Ni hivi Dada. XP iliachwa na Microsoft tangu 8 Aprili 2014. Tovuti za Babu zilikuwa hazifunguki tena. Na programu inayomsomea, NVDA, toleo la mwisho kukubali XP ni 2017.3. Nikasema nimwekee 7 ili Katibu apate toleo la karibu karibu. Nilijaribu sauti kwa earphone zangu za USB ikatoa vizuri. Nikaondoka. Sikujaribu spika.

Juma 21:02
Za USB lazima zitoe, zinatumia draiva ya pamoja ambayo Windows inayo tayari, hazipiti kwenye AC'97 kabisa. Ulijipima kwa mlango mwingine. Na 7 nayo iliachwa 14 Januari 2020, NVDA ikaishia nayo 2023.3. Ila kwa kazi ya Babu inatosha.

Juma 21:03
Na hapo ndipo njia ya mkato ilipo. Kuna kadi ndogo ya sauti ya USB, mwili wake kama flashi, ina tundu la spika. Inachomekwa, dakika mbili Katibu anaongea. Draiva ya AC'97 tutaitafuta taratibu.

Mwanaidi 21:04
Nani analeta hiyo kadi?

Mwanaidi 21:12
Narudia. Nani analeta kadi ya USB? Kikundi kina watu 14.

Hamisi 21:15
Mimi naona rahisi ni niifomati tu nirudishe XP, sauti na

Mwanaidi 21:15
Usilitaje hilo neno humu.

Shangazi Zuhura 21:17
Jamani si Babu asomewe tu na watu, mbona tupo. Mimi mwenyewe jana nimemsomea kurasa mbili nzima. Na ile sauti ya mashine inasoma kama ina mafua

Binti Rukia 21:18
"Ha-ba-ri ya le-o" 🤖😂

Shangazi Zuhura 21:18
😂😂😂 hiyo hiyo

Salma 21:26
Babu anataka kusema. Kaniambia niandike, nisiongeze wala nisipunguze.

Salma 21:34
"Salma amenisomea yote, na ya ndege pia. Siku ya 9 hii nasomewa na watu. Nawashukuru. Lakini mtu akisoma anachagua. Jana nimesomewa kurasa mbili, nilipapasa karatasi zilikuwa tatu. Na ile barua ilisomwa na mtu, mstari wa tatu nikaja kuujua baada ya miezi minane, mambo yakiwa yamekwisha. Katibu sauti yake mbaya, lakini haruki mstari. Hamisi aje. Asifute kitu. Aliyenisomea ile barua namjua, na sijawahi kumuuliza. Lala salama."

Salma 21:35
Amesema nisiweke alama yoyote mwishoni.

Shangazi Zuhura 22:09
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Zuhura 22:10
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Zuhura 22:14
Baba nimekusikia.

Mama Mwanaidi 22:15
Nimesoma.

Mwanaidi 22:20
Haya. Tumemsikia mzee. Mpango ni huu: Hamisi Jumamosi asubuhi, bila kukosa. Flashi ya kubebea draiva alete nani? Kadi ya USB alete nani? Jibuni kwa majina.

Hamisi 22:24
Dada Jumamosi nina kazi mpaka mchana. Nitajitahidi.

Mwanaidi 22:24
"Nitajitahidi" si saa.

Juma 22:31
Nimesoma ile picha, nimeijua bodi. Kodeki yake, kile kichipu cha sauti, ni ya Realtek, na draiva ya AC'97 ya Windows 7 nimeipata. Hamisi sikiliza: kabla ya kugusa chochote weka kwanza hatua ya kurudia, ile restore point. Kisakinishi kikikataa usipigane nacho. Rudi pale penye alama ya njano, Update Driver, uchague kutafuta mwenyewe, uielekeze kwenye folda uliyoifungua. Mara nyingi inakubali kwa njia hiyo. Baada ya hapo zima uwashe.

Juma 22:32
Ikigoma kabisa, ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uangalie sauti ya bodi imeachwa wazi. Japo sidhani, ingekuwa imezimwa tusingeona hata ile alama.

Juma 22:33
Salma, nithibitishie kitu kimoja. Windows hiyo ni biti 32 au 64? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause utaona.

Mwanaidi 22:50
Salma?

Mwanaidi 22:58
Kalala. Kadi ya USB bado haina jina. Nasubiri.

Jumatano

Baba Mdogo Athumani 06:12
Habari za asubuhi. Ndiyo naona sasa, simu ilikuwa chaji. Nani kasema harusi yangu iko bustanini?

Mwanaidi 06:14
Baba Mdogo shikamoo. Jumamosi unaweza kumpitia Hamisi na gari?

Baba Mdogo Athumani 06:15
Marahaba. Hiyo CD inafunguka?

Salma 06:40
Ina matobo mawili ya kamba Baba Mdogo.

Baba Mdogo Athumani 06:41
Matobo mawili

Hamisi 06:43
Mjomba nitakusaidia kuijaribu, ila usitegemee sana.

Mwanaidi 06:44
Kadi ya USB jamani. Na flashi.

Salma 07:05
Kaka Juma ni biti 32.

Salma 07:05
Babu ameshaamka. Anauliza ni Jumamosi ipi.