Chuo cha filamu, studio ya harusi au kamera na YouTube: kwa kijana wa Mbeya ipi inalipa?

Mwanjelwa_Kwetu (mwanzisha mada)
Ugonile wakuu. Dogo hapa nyumbani kamaliza kidato cha sita na hataki kusikia kingine zaidi ya filamu. Ukoo umechanga milioni 6, basi. Wajomba wanasema apelekwe chuo Bagamoyo. Jirani mwenye studio ya harusi pale Kabwe yuko tayari kumchukua kama msaidizi, bila ada wala mshahara. Mwenyewe anataka anunuliwe kamera ajifunze YouTube. Naomba ulinganisho wa watu wanaoijua kazi, siyo "mwache afuate ndoto zake".

FundiSauti_Iringa
Kamwene mkuu. Kabla hujalinganisha ada, linganisha dakika. Chukua darasa la watu 30, kamera 2, vitendo saa 4 kwa wiki. Hizo ni saa 8 za kamera. Gawa kwa 30, kila mmoja anashika kamera dakika 16 kwa wiki. Muhula wa wiki 15 umeisha na saa 4 mkononi. Harusi moja ya Jumamosi, kuanzia saluni hadi ukumbini, inazidi hapo.

Kwa hiyo pale udahili msianze na ada. Ulizeni kamera moja ni ya wanafunzi wangapi. Vifaa vinaazimwa wikendi, au vinafungiwa stoo Ijumaa mchana? Kuna kinasa sauti na maiki ya bumu (ile ya kwenye fimbo ndefu), au wanategemea maiki ya juu ya kamera? Mwaka jana zilikamilika filamu fupi ngapi, na mnaweza kuonyeshwa mbili? Chuo kisicho na hata moja ya kuonyesha ni ghali hata kikitoza laki tatu. Halafu muulize haki ya filamu ya mwanafunzi inabaki kwa nani, na mpewe jibu kwa maandishi.

Usajili angalieni kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza la serikali la vyuo vya ufundi. Ngazi zao zinaitwa NTA: astashahada ya awali ni NTA 4, stashahada inaishia NTA 6. Kozi fupi ya miezi mitatu inaweza kuwa nzuri sana, ila cheti chake hakitampandisha ngazi popote.

Mzee_wa_Ukumbi
Wasomi mnaidharau harusi. Harusi haina "rudia tena". Keki inakatwa mara moja, na bibi harusi akitoka kwenye jua la saa nane akaingia ukumbi wenye taa za rangi, una sekunde tano za kurekebisha mwanga. Hiyo shule huipati darasani.

Ila ukweli wake nao nauweka. Studio nyingi zinaacha kamera ichague kila kitu, msaidizi anatoka hajui kwa nini picha ina mistari inayotembea. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za tyubu na LED nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kila fremu inabeba mipepeso miwili kamili, picha inatulia. Ukiweka 1/60, fremu inabeba mmoja na sehemu ya pili, na hapo ndipo mistari inapoanza kupanda ukutani. Dogo akienda studio, amuulize bosi jambo hili siku ya kwanza. Bosi akisema "weka auto", ajue atajifunza kubeba stendi tu.

DadaMhariri
Kaka Mzee, umesema kweli, lakini harusi haimfundishi skripti, haimfundishi kuongea na mwigizaji, wala kushuti tukio moja kwa pembe nne zikaungana. Hapo ndipo waliotoka studio wanapokwama: wana picha nzuri 200 ambazo hazikai pamoja.

Kuhusu YouTube: inawezekana, na simu ya kawaida inatosha miezi sita ya kwanza. Mtego upo kwenye kuediti. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi moja, kwa hiyo sauti ya kinasa cha pembeni inaanza sawa, na kufikia dakika ya kumi mdomo na maneno vimeachana. Alazimishe kasi moja ya 25 kwenye programu ya kamera, au apitishe faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video. Programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inamtosha, ila aweke fremu 25 kabla ya kuingiza faili hata moja. Zikishaingia, kasi ya mradi haibadilishwi.

Kitu kingine kinachomaliza bajeti kimyakimya ni hifadhi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 ni saa moja na dakika ishirini hivi. Nakala mbili kwenye diski mbili ndipo kadi ifutwe. Anayeweka yote kwenye laptopu moja anasubiri siku ya kulia.

Kitulo_Baridi
Naona wote mnaongelea vifaa. Kamera si sababu ya kwenda chuo. Sababu ni watu: mtu wa sauti, mtu wa taa na mwandishi wenye umri wako, ambao watakufanyia kazi kwa chipsi na nauli kwa sababu wewe nawe utawafanyia. Kuwakusanya Mbeya peke yako ni kazi ya miaka. TaSUBa, hicho chuo cha Bagamoyo, ni ya serikali, imeanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na jina lake limejengwa na jukwaa: ngoma, maigizo, muziki. Mwongozaji anayelala hosteli moja na waigizaji amepata nusu ya mtaji.

Akienda, asikae kungoja ratiba. Kila mwezi amalize filamu moja ya dakika 3, yaani skripti ya kurasa 3. Kila filamu abadili nafasi: mwezi huu sauti, ujao taa, unaofuata kuediti. Watu hugombea kuongoza na kuikimbia sauti. Anayeshika bumu vizuri anaitwa kila seti na kumwona kila mwongozaji akifanya kazi. Kazi ya mwisho aanze kuiandika mwaka mmoja kabla, maana wiki za mwisho vifaa vyote vimeshawekewa foleni.

Likizo arudi kushuti huku, ila kwa karatasi. Kibali cha filamu ni cha Bodi ya Filamu; ndani ya hifadhi ya Ruaha au Kitulo kuna na cha TANAPA; droni ina cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mwenye nyumba na waigizaji wasaini kabla ya kushuti, siyo baada. Na Juni kule Kitulo betri zikae mfuko wa ndani wa koti, baridi inazimaliza upesi. Kamera ikiingia jikoni kwenye moto iache imefungwa ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi inatoa jasho.

Mwanjelwa_Kwetu
Nimewaelewa. Naona aanze studio ya jirani miezi sita huku tukiuliza chuo yale maswali ya FundiSauti. Kwenye milioni 6 nimnunulie nini sasa hivi?

FundiSauti_Iringa
Kamera usinunue. Ada, chumba na chakula viwekwe pembeni kwanza. Kinachobaki: kinasa sauti kidogo, maiki moja ya kubana kifuani, hedifoni za kufunika sikio, diski mbili. Picha yenye giza mtazamaji anaivumilia, mazungumzo yasiyosikika anafunga.

Zoezi la kwanza alifanyie sebuleni kwenu. Azime friji, atandike blanketi zito sakafuni na lingine ukutani nyuma ya maiki, agonganishe viganja mara moja mbele ya kamera ili aje kuoanisha picha na sauti, na mita ya kinasa ichezee karibu na -12 dB. Mazungumzo yakiisha watu wote wanyamaze, arekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Hizo ndizo za kuzibia mashimo wakati wa kuediti. Na afanye sasa hivi, Novemba isijamkuta. Mvua ikishaanza juu ya mabati, hakuna maiki itakayomsaidia.