Naombeni ushauri: uchaguzi umetugawa kanisani, mama wa watu ametengwa

Shemasi_Mlangoni:
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni shemasi, niko kamati ya mapokezi. Tangu kampeni zianze, hali ya kanisani kwetu si hali. Kuna mama mjane, msomaji wa Neno wa siku nyingi. Ilipojulikana anaunga mkono upande ambao wengi hapa hawautaki, jina lake likatolewa kwenye ratiba ya wasomaji. Hakuambiwa. Alikuta ubaoni limepakwa wino mweupe, juu yake limeandikwa la mtu mwingine. Jumapili iliyopita waliozoea kukaa naye walihamia upande wa pili, akabaki na benchi zima. Kwenye grupu la WhatsApp mtu kaandika kwamba Mkristo wa kweli hawezi kuwapigia kura "wale".

Mchungaji anasema tunyamaze, uchaguzi utapita. Wazee wanataka tuzuie nguo za vyama getini. Naona yote mawili hayagusi kidonda. Kwa nafasi yangu nifanyeje? Nawasilisha.

Chumvi_ya_Dunia:
Wazee wako sahihi. Kwetu tulikataza fulana na kofia za vyama, ibada ikatulia. Kanisani tunakwenda kwa Mungu, siasa zibaki nje.

BintiSayuni:
Ilitulia, au watu walinyamaza tu? Sisi nguo tulizuia, lakini kampeni ikahamia kwenye maombi. "Bwana, waaibishe wanaotaka kuliangamiza taifa," na kila mtu anajua wanatajwa akina nani. Halafu amina ya upande mmoja inatikisa paa, upande mwingine kimya! 1 Timotheo 2 inasema tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka, na wafalme wa wakati ule hawakuwa hata Wakristo.

Mtumishi_Mstaafu:
Mwanangu shemasi, fungua Wagalatia 2. Pale Antiokia, Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi. Walipofika Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga. Hatusomi kwamba alimtukana mtu. Alihama meza tu, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akampinga uso kwa uso, mbele ya wote. Hakusubiri yapite. Hilo benchi lenu ndiyo meza ya Antiokia. Mkizuia kofia getini, huyo mama bado atakaa peke yake.

Mkosoaji_Huru:
Naomba nitofautiane kidogo. Msifanye upendo kuwa blanketi la kufunikia dhuluma. Mwaka 1934 Wakristo wa Ujerumani walikutana Barmen wakatoa azimio la kukataa kanisa kugeuzwa chombo cha dola, Hitler akiwa madarakani. Wangesema "tupendane tu, tusigombane" ingekuwaje? Yapo ya kusimama na kuyakataa.

Shemasi_Mlangoni:
Nakubali mkuu. Ila huyu mama hajatetea kuonewa kwa mtu yeyote. Kataja mgombea tu.

Mtumishi_Mstaafu:
Mkosoaji kasema kweli. Uovu ukemewe kwa jina lake, hata ukifanywa na chama ninachokipenda mimi. Lakini kukemea jambo ni kitu kimoja, kumnyang'anya mtu huduma kwa sababu ya kura yake ni kingine. Katika wale wanafunzi Kumi na Wawili wa Yesu alikuwamo Mathayo mtoza ushuru, kazi iliyoonekana ni ya kuwatumikia Warumi, na alikuwamo Simoni Zelote, ambaye wengi hulihusisha jina lake na waliopinga utawala wa Kirumi. Sidhani mazungumzo yao njiani yalikuwa matamu kila siku.

BintiSayuni:
Shemasi, anza na aliyefuta jina. Mfuate mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15. Jina likisharudi ubaoni, ndipo uende kwa mama. Usiende na "pole" mikono mitupu, mpelekee tarehe yake ya kusoma. Na Jumapili kaa naye benchi hilo, wewe na familia yako, kabla hujamhimiza mtu mwingine.

Shemasi_Mlangoni:
Nimempigia katibu wa ratiba. Anasema aliagizwa na mzee mmoja, na kanitajia ni nani. Namfuata leo jioni. Akigoma, naenda kwa mchungaji na hiyo Wagalatia 2. Benchi nimeshaongea na mke wangu, tutakaa. Sasa grupu: mimi ni admini, ule ujumbe naufutaje?

Chumvi_ya_Dunia:
Ushikilie, bonyeza alama ya kufuta, chagua kufuta kwa wote. Ila mpigie kwanza aliyeuandika, asije akaukuta umefutwa kama lile jina la ubaoni.