Walimu wa chekechea: serikalini, dei kea yako au kurudi chuo, ipi ina mbele?

Ticha_wa_Visoda:
Wakuu habari zenu. Mimi mwalimu wa chekechea, nina cheti cha ualimu wa awali, mwaka wa nne huu nipo shule binafsi huku Mbagala. Kazi naipenda jamani, mtoto anakuja Januari analia mpaka anatapika halafu Juni anakukimbilia getini anataka akuonyeshe amehesabu visoda hadi ishirini, hapo hata njaa unaisahau. Ila mshahara laki mbili na nusu na unachelewa, hela ya pensheni ya NSSF wananikata kila mwezi nikaangalia salio nakuta michango haijaingia miezi saba. Na mtaani bado naitwa dada wa watoto.

Ndoto yangu niwe mkufunzi, niwafundishe walimu wa awali chuoni. Njia naona tatu: nisubiri ajira za ualimu serikalini, nifungue dei kea kwa mama Chamazi kuna uwanja mzuri tu, au nirudi chuo. Mkononi nina milioni moja na laki nne za kikoba. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

Chaki_Nyeupe:
Serikalini ticha, usijiulize mara mbili. Mi nipo mkoa wa Pwani, mshahara unaingia, pensheni ya PSSSF inaingia, ukijifungua una likizo yako ya siku 84 hakuna wa kukununia. Tena sera ya elimu inataka shule za msingi ziwe na darasa la awali, kwa hiyo kazi ipo, kinachosumbua ni vibali vya ajira. Ila nisikufiche, mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25, mimi asubuhi hii nimeita majina 97. Kona za kujifunzia utaziweka wapi hapo, kuwahesabu tu na kuwapanga wakanawe mikono saa imeisha. Halafu mkuu wa shule akibanwa na upimaji wa darasa la nne anakuchomoa awali anakupeleka huko, watoto wako wanabaki wanaimba na dada wa uji.

Pangu_Pakavu:
Kumbe kuimbisha a e i o u nako kuna digrii 😂😂

MamaVidudu:
@Pangu_Pakavu njoo ukae na watoto thelathini wa miaka mitatu mpaka saa sita mchana, ukitoka na shati safi nakupa hiyo digrii mwenyewe.

Mleta uzi, mimi ndo nina dei kea, mwaka wa tano huu. Kwanza tofautisha vitu viwili maana watu wengi wanaungulia hapa, kituo cha kulelea watoto mchana kibali chake ni ustawi wa jamii, darasa la awali usajili wake ni Wizara ya Elimu. Ukianza na kulea halafu ukajiongezea awali kimyakimya kwa sababu wazazi wameomba, siku wakija wakaguzi umeisha. Hiyo milioni na laki nne yako itamezwa na uzio na vyoo vya watoto kabla hujanunua hata mkeka. Mi nilianza na watoto sita, wawili wa dada yangu, yaani bure. Ada wanalipa vipande vipande, na mzazi haulizi mtoto amecheza nini, anauliza mbona daftari jeupe, mbona haongei kiingereza kama wa jirani. Unasomea miaka miwili kwamba mtoto anajifunza kwa kucheza halafu unajikuta unamshika mkono aandike "a" kurasa tatu ili mama yake asimhamishe. Hilo linaniuma kuliko hela. Lakini bosi sina, hilo nalo lina utamu wake.

Mkufunzi_Mstaafu:
Binti yangu, hawa wote wamekujibu kuhusu kipato, wewe umesema unataka ukufunzi. Cheti hakikupeleki digrii moja kwa moja, pita stashahada kwanza, ufaulu vizuri, ndipo uombe digrii ya elimu ya awali, UDSM wanayo. Ni safari ndefu. Lakini hii miaka minne ya darasani usiione ndogo, nimefanya kazi na wakufunzi wenye vyeti vizuri tu ambao hawajawahi kumfungia mtoto kamba za viatu, wanachuo wanawajua siku ya kwanza. Tunza zana zako, andika unachokiona kwa watoto. Na hiyo michango ya NSSF nenda ofisi yao na hati za mshahara, usiogope, ni hela yako.

Chaki_Nyeupe:
Mzee kaongea. Ila stashahada anaisoma kwa hela gani, shikamoo lakini.

Mkufunzi_Mstaafu:
Marahaba. Ndiyo maana sikumwambia aache kazi kesho.

Ticha_wa_Visoda:
Nimesoma zote mpaka chai imepoa. Shikamoo mzee, asante sana. Dei kea naiweka pembeni kwanza, ile ya kumshikisha mtoto mkono imenikata maini maana ndo tunachofanya hapa hapa shuleni kwetu. Jumatatu naomba ruhusa niende NSSF, na stashahada naanza kuulizia ada kwenye vyuo vinavyoruhusu kusoma wakati wa likizo. Ajira zikitangazwa naomba vilevile, 97 na iwe 97.

@MamaVidudu samahani dada, hivyo vyoo vidogo ulijengewa na fundi wa wapi? Mama hataki kusikia habari ya kuiacha Chamazi.